Bharatanatiyamu ukiwa Malindi: sakafu kwanza, njuga baadaye

Mtoto akiona video mbili tatu za bharatanatiyamu, ngoma ya kiklasiki ya India, cha kwanza anachoomba ni njuga. Cha pili ni ile nguo ya hariri inayofunguka mbele kama mkia wa tausi. Mzazi mwenye uwezo huagiza vyote viwili, pesa zinaishia hapo, na mtoto anaanza kukanyaga saruji ya baraza kila jioni. Miezi michache baadaye miundi inamuuma na njuga zimetundikwa msumarini. Anayetaka ngoma hii imfikishe mbali, pengine iwe kazi yake, ageuze mpangilio: sakafu, halafu magoti, halafu mapigo, na mapambo mwisho kabisa.

Majina ya Kitamil na Kisanskriti tumeyaandika kwa matamshi yetu. Ukiyatafuta kwenye intaneti, jaribu kuondoa irabu ya mwisho: varnamu utaipata kama varnam.

Ni ngoma gani hasa

Sangeet Natak Akademi, taasisi ya taifa ya India ya muziki, ngoma na maigizo, inatambua ngoma nane za kiklasiki: bharatanatiyamu, kathaka, kathakali, kuchipudi, odisi, manipuri, mohiniatamu na satriya. Garba, ile inayochezwa kwa duara katika siku tisa za Navaratri na inayojulikana sana kwa Wagujarati wa Pwani, haimo. Garba ni ngoma ya watu wote, uzuri wake ni kwamba unaingia duarani na kujifunzia humo humo. Usilipe ada ya bharatanatiyamu ukafundishwa garba.

Kwa mtu wa Malindi au Lamu, uchaguzi huwa kati ya mbili. Bharatanatiyamu, yenye asili ya Tamil Nadu, huchezwa magoti yakiwa yamekunjwa karibu muda wote. Kathaka ya kaskazini huchezwa wima, ila miguu inapiga zaidi na mizunguko ni mingi. Mwenye goti bovu huona kathaka ni rahisi, mpaka ifike mizunguko ya juu ya kisigino. Hapa tunashughulika na bharatanatiyamu.

Kuhusu umri, tazama wawili walioijenga ngoma hii katika karne ya 20. Balasaraswati (1918–1984), wa ukoo wa wanamuziki na wachezaji wa vizazi vingi, alipanda jukwaani akiwa na miaka 7. Rukmini Devi Arundale, aliyezaliwa 1904, aliicheza hadharani kwa mara ya kwanza mwaka 1935, akiwa na miaka 31, na mwaka uliofuata akaanzisha chuo cha Kalakshetra mjini Madras, Chennai ya leo. Miaka 7 ni umri mzuri kwa sababu mtoto anaweza kusimama mahali pamoja na kuhesabu. Wa miaka 5 atachoshwa na kurudiarudia kabla mguu haujajua kitu. Mtu mzima naye anaweza, bora nyonga zake asizilazimishe.

Kuna mitindo kadhaa: Pandanallur, Vazhuvoor, Thanjavur, Kalakshetra. Muulize mwalimu wako wake ni upi, kisha ubaki nao angalau mpaka umalize hatua zote za msingi. Mikono na mpangilio wa hatua hutofautiana kutoka mtindo hadi mtindo, na anayehamahama hujikuta akianza upya kila mara, huku mwili umeshazoea makosa ya kwanza.

Sakafu

Mchezaji anayefanya mazoezi ya saa moja hupiga chini mamia ya mapigo, peku, kwa wayo mzima. Saruji, terazo na vigae havinyonyi hata kidogo. Nguvu yote hurudi kwenye muundi, goti na kiuno. Nyumba za zamani za Lamu haziokoi. Dari la boriti na matumbawe lina ugumu uleule, na likiwa la miaka mingi mshindo utamwagia chokaa walio chini. Mkeka juu ya saruji ni hatari zaidi kuliko saruji yenyewe, maana unateleza.

Jenga jukwaa dogo la mbao. Futi 8 kwa 8 zinamtosha mtu mmoja. Utahitaji plaiwudi nne za milimita 12 (futi 8 kwa 4), mbao saba za inchi 2 kwa 2 zenye urefu wa futi 8, na vipande 49 vya mpira vya sentimita 5 kwa 5. Mpira mzuri ni wa soli za ndara kuukuu, zile ngumu. Spongi laini hulala baada ya wiki chache.

Gundi vipande saba chini ya kila mbao, kila sentimita 40. Panga mbao sambamba, nazo kila sentimita 40, mpira ukiwa chini. Laza plaiwudi mbili za kwanza zikikata mbao, kisha mbili za juu zigeuze upande wa pili ili maungio yasifuatane. Acha nafasi ya milimita 3 kati ya plaiwudi na plaiwudi. Masika yakifika zitavimba, na zikikosa nafasi zitanyanyuka katikati kama mgongo wa kobe. Skrubu za safu ya juu ziwe za milimita 40, zizamishwe mpaka kidole kisizihisi. Paka dawa ya mchwa upande wa chini kabla ya kufunga. Jukwaa lisiguse ukuta.

Kulijaribu, ruka mara moja peku. Mshindo ukipanda hadi kwenye meno, mpira ni mgumu mno au umeanguka. Ukisikia mlio wa kreki, kuna skrubu haikushika mbao.

Usipake nta wala kunyunyiza poda. Kabla ya kila zoezi pitisha kitambaa chenye unyevu, maana chini ya makuti mchanga na vumbi havikosekani, na chembe moja chini ya wayo unaopiga inakata. Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, cheza alfajiri au baada ya alasiri. Jasho la nyayo huteleza kuliko maji.

Araimandi

Huu ndio mkao unaobeba ngoma nzima: nusu kukaa, visigino karibu kugusana, vidole vya miguu nje, magoti nje, mapaja na miundi vikichora umbo la kishada. Wengi huukosea kwa sababu moja. Wanageuza nyayo nje kwanza, kisha wanaliburuta goti lifuate. Goti ni bawaba, halikuumbwa kuzunguka.

Fanya hivi. Simama, visigino vikiachana vidole vitatu. Zungusha mapaja kutoka kwenye nyonga, taratibu, na nyayo ziende mpaka mapaja yanapoishia, hapo hapo, hata kama picha za India zinaonyesha nyayo zilizonyooka mstari mmoja. Shuka huku visigino vikibaki chini. Tazama goti: liwe juu ya kidole cha pili cha mguu. Likianguka ndani kuelekea kidole gumba, umegeuza nyayo kupita uwezo wako. Zirudishe ndani kidogo. Sasa mwenzio aweke fimbo iliyonyooka mgongoni. Iguse kisogo, katikati ya mabega, na mfupa wa juu ya makalio. Ikiwa pengo la kiuno linameza ngumi, makalio yametoka nyuma na mgongo ndio utakaolipa.

Wiki ya kwanza kaa sekunde 30 mara nne, ukisimama na kupumzika kila mara. Ongeza sekunde 15 kila wiki. Mapaja kuungua ni sawa. Maumivu makali ndani ya goti si sawa, na hayapiti kwa kuvumilia. Murumandi, yaani kuchuchumaa kabisa magoti yakiwa nje, isubiri mwaka wa pili, na mtoto anayekua asirudishwe humo mara nyingi kwa siku moja.

Kabla ya kuanza na baada ya kumaliza kuna namaskaramu: mchezaji anagusa ardhi na kuiomba radhi kwa kuikanyaga. Mwanafunzi pia humgusa miguu guru, yaani mwalimu wake. Wazee wetu wanaeleza shikamoo kuwa ni nashika miguu yako, kwa hiyo mtu wa Pwani halioni geni. Lakini sehemu kubwa ya nyimbo za ngoma hii ni za ibada ya Kihindu, na familia ya dini nyingine inafaa izungumze na mwalimu siku ya kwanza, wala isingoje mwaka wa tatu. Zipo sehemu za ngoma tupu zisizo na hadithi, na wengi hufikia makubaliano kuhusu namaskaramu. Asiyeuliza mapema huishia kumtoa mtoto wakati ameshaanza kuwa mzuri.

Adavu na mapigo

Adavu ni hatua za msingi, kama herufi. Ya kwanza ni tata adavu: kupiga wayo tu, mikono kiunoni, kwa silabi *tai ya tai hi*. Inafuata nata adavu, *taiyum tat tat taiyum ta*, ambapo mguu unanyooka na kisigino kinapiga. Kisha zipo za kuruka, za kugeuka, za magoti, na zile za kufungia kifungu.

Katika tata adavu mguu hupanda nyuma, kisigino kikielekea makalio, na unashuka ukatua wote kwa mara moja. Mlio sahihi ni kofi, *pa*. Ukisikia *du*, kisigino kimetangulia. Weka kitabu kichwani: kikianguka, unapanda na kushuka kwa magoti badala ya kuuachia mguu peke yake. Kosa hili huwapata hasa waliozoea chakacha na ngoma nyingine ambazo kiuno ndicho kinachosema. Huku kiuno kinanyamaza.

Kila adavu huchezwa kasi tatu, na kila kasi ni mara mbili ya iliyotangulia. Weka programu ya mapigo kwenye simu iwe 50 kwa dakika. Kasi ya kwanza pigo moja kwa hesabu, ya pili mawili, ya tatu manne. Usiguse kasi ya tatu mpaka ya pili idumu dakika tano bila araimandi kupanda, na kwa wengi hilo huchukua miezi. Tala, yaani mzunguko wa mapigo, inayotumika zaidi ni adi, ya hesabu 8. Ndani yake mapigo hugawanywa kwa 3, 4, 5, 7 au 9, na mtu aliyekulia kwenye dufu na vugo ana sikio zuri la 3 na 4. Saba ndiyo itakayomsumbua. Aitamke kwa mdomo, *takadimi takita*, akitembea sokoni, akifua, mpaka ulimi uache kufikiri.

Siku nne kwa wiki, dakika 45, zinatosha mwaka wa kwanza. Maumivu yaliyotapakaa kando ya muundi yanataka mapumziko ya wiki mbili bila kupiga. Lakini ukiweza kuonyesha maumivu kwa ncha ya kidole, mahali pamoja juu ya mfupa, na yanakuamsha usiku, acha kabisa na uende hospitali. Huenda ni ufa wa mfupa, na picha ya eksirei ya wiki za mwanzo inaweza kuonekana safi ilhali ufa upo. Mwambie daktari unacheza nini na peku, asidhani ni mchezo wa harusini.

Mikono ina ishara 28 za mkono mmoja katika hesabu ya kitabu cha kale cha Abhinaya Darpana, kuanzia pataka, vidole vyote vimenyooka na gumba limekunjwa. Jifunze tatu kwa wiki mbele ya kioo. Kosa la kawaida ni kidole cha pete kulegea. Uso na macho mwachie mwalimu. Kioo humfundisha mtu kujipenda tu.

Mwalimu akiwa mbali

Malindi si Nairobi, na huenda ukalazimika kusoma kwa video. Chennai iko mbele yetu saa mbili na nusu: saa kumi na mbili asubuhi ya Malindi ni saa mbili na nusu asubuhi kwao. Usijaribu kufuata kofi la mwalimu moja kwa moja, kwa sababu sauti huchelewa na kila mmoja humwona mwenzake amekosea. Mwombe arekodi silabi na mapigo ya fimbo yake, uyapige kwenye simu ya pili iliyo karibu nawe. Kamera iwe kimo cha nyonga, mita tatu mbali, nyayo zionekane. Kila baada ya miezi michache jitahidi uonwe ana kwa ana na mwalimu yeyote wa mtindo huo, Mombasa au Nairobi, kwa sababu video haionyeshi uzito umelala mguu gani.

Nguo ya mazoezi ni shalwari kamizi ya pamba, mtandio ukifungwa kwa nguvu kiunoni. Basi.

Njuga

Zinunuliwe adavu zikiwa safi katika kasi mbili. Njuga haifichi kosa, hulitangaza. Za bharatanatiyamu hushonwa kwenye ngozi, safu tatu kwa anayeanza na tano kwa mzoefu. Za kathaka hufungwa kwenye kamba, mia moja au zaidi kila mguu, kwa hiyo usiagize za huko kwa makosa. Tikisa moja moja kabla ya kulipa. Zile za bati hulia kama sarafu kwenye kopo. Za shaba ya kuyeyushwa ni nzito na mlio wake unadumu kidogo.

Hewa ya chumvi huzifanya nyeusi. Zifute kwa kitambaa kilicholowa maji ya ukwaju, kisha kitambaa cha maji matupu, zikaushe hapo hapo, na asidi isiguse ngozi wala uzi. Zihifadhi kwenye mfuko wa pamba mahali penye hewa. Mfuko wa plastiki huota ukungu. Hazitupwi chini, haziingizwi chooni.

Arangetramu

Maana yake ni kupanda jukwaani: onyesho la kwanza la mtu mmoja, saa mbili hadi tatu, ambalo kwa kawaida huja baada ya miaka saba hivi. Mpangilio wake unatokana na kazi ya ndugu wanne wa Thanjavur mwanzoni mwa karne ya 19. Alaripu hufungua, fupi, ya kuamsha viungo. Jatiswaramu ni ngoma tupu. Shabdamu inaingiza maneno. Kisha varnamu, dakika 30 hadi 45 mfululizo, ngoma na hadithi zikipokezana. Hapa ndipo ile sakafu ya miaka yote inapodai au kulipa deni. Baada ya mapumziko huja padamu, ambazo ni za uso na hisia, halafu tilana ya kasi, na mangalamu ya kufungia.

Jipime miezi sita kabla: cheza varnamu nzima mara mbili kwa siku moja, asubuhi na jioni. Ukiishiwa pumzi baada ya dakika 20, ahirisha. Aibu ya kuahirisha ni ndogo.

Gharama kubwa ni wapigaji: mwimbaji, mridangamu (ngoma ya kupigwa pande mbili), fidla, filimbi, na mwalimu anayeongoza kwa matuazi. Kuwaleta wote Malindi, kuwalaza na kuwalisha wiki nzima ya mazoezi, kunaweza kumfanya mzazi auze shamba. Asiuze. Rekodi nzuri iliyofanywa na guru wako kwa kasi yako inatosha, iwekwe kwenye simu mbili, na jenereta iwe tayari. Umeme hauchagui siku.

Nguo ishonwe kwa vipimo vya kusimama na vya araimandi, vyote viwili, kiuno hadi kifundo. Fundi aliyepewa vya kusimama pekee hutoa marinda yasiyofunguka. Miguu na ncha za vidole hupakwa alta nyekundu, ikauke kabla hujakanyaga jukwaa. Hina inafaa ukipaka usiku wa kuamkia. Piko usiguse: mara nyingi ni rangi ya nywele, na ngozi iliyochomeka haichezi. Kwa maua ya kichwani tuna bahati, asumini ipo. Agiza vifumba vilivyochumwa alasiri, vitafunguka vyenyewe usiku ukiwa jukwaani.

Waambie watu mapema, na kwa upole, kwamba hapa hakuna kutuza. Waliozoea taarabu watainuka na noti mkononi katikati ya varnamu, na mchezaji anayegeuka kwa kasi hamwoni aliyesimama nyuma yake.

Ikishakuwa kazi

Anayetaka kwenda mbali zaidi aangalie ufadhili wa ICCR, baraza la India la uhusiano wa kitamaduni lililoanzishwa 1950, ambalo huwapa wageni nafasi za kusoma ngoma na muziki nchini India. Stashahada ya Kalakshetra ni ya miaka minne. Tayarisha video isiyokatwa: tata adavu katika kasi tatu, jatiswaramu moja, kipande cha uso. Mwangalizi hutazama araimandi kwanza, hivyo video ya mapambo mengi haimdanganyi.

Ukirudi, maonyesho peke yake hayatakulisha Malindi. Kufundisha ndiko kunakolipa kodi ya nyumba. Chukua wanafunzi kumi kwa darasa, usizidishe, maana zaidi ya hapo huoni magoti ya waliosimama nyuma. Ada ilipwe mwanzo wa mwezi, na sakafu iwe yako. Misimu ya kujaza mfuko ni Navaratri na Diwali, harusi, na wageni wa hoteli.

Hoteli hutaka dakika 15 hadi 20: alaripu na tilana, na katikati maelezo mafupi ya ishara za mikono, ambayo wageni huyapenda kuliko ngoma yenyewe. Mkataba uwe wa maandishi: nusu ya malipo kabla, chumba cha kubadilishia nguo chenye mlango, nani anaruhusiwa kupiga picha, na jukwaa la mbao kavu. Meneja atakuonyesha vigae vya kando ya bwawa na kukwambia wacheza sarakasi walitumbuiza hapo wiki iliyopita. Nenda saa mbili kabla, vua viatu, ujaribu mwenyewe. Pakiwa pamelowa na hakuna mbao, huchezi, na ile nusu ya kwanza hairudi. Hilo nalo liwe limeandikwa.